Gari inanizungusha kona ya kwanza kila mara, ni mimi au ni gemu?

"Habari mtaalamu. Mi mkazi wa Tabata, nina miaka 26, gemu za magari nimeanza nazo tangu PS1 kwenye vibanda vya mtaani, Need for Speed na Gran Turismo nilikuwa nawapiga wote. Juzi kati rafiki yangu kanikaribisha kwake Sinza, ana kompyuta na usukani, kanifungulia Assetto Corsa nikachagua Ferrari F40 pale Imola, uwanja wa mbio wa Italia. Kona ya kwanza tu gari ikajizungusha. Nikarudia, ikazunguka tena, weee mpaka jamaa akawa anacheka. Swali langu, hizi gemu za sasa wamezifanya ngumu makusudi ili zionekane za kweli? Maana leseni ninayo, gari ya kaka yangu naendesha kila wikiendi na haijawahi kunifanya hivyo. Pili, kuna usukani wa Logitech G29 wa mtumba nimeuona Kariakoo, nichukue au nitatupa hela? Nyumbani nina PS4 na laptopu yenye kadi ya grafiksi GTX 1650. Na mwisho usinicheke, ndoto yangu ni kushindana kweli siku moja. Hii kitu inaweza kunifikisha au ni kupoteza muda?"

Sikucheki hata kidogo mdogo wangu, na hayo maswali yako matatu kwangu naona ni moja: hiyo kitu uliyokalia pale Sinza ina ukweli kiasi gani, na huo ukweli unastahili hela na muda wako au la.

Tuanze na lawama maana naona unajilaumu bure. F40 ni gari iliyotoka mwaka 1987, ina nguvu za farasi 478, injini iko nyuma ya mgongo wa dereva, turbo mbili (pampu za hewa za kuongeza nguvu ya injini) zinachelewa kuamka halafu zikiamka zinaamka kwa pamoja, haina ABS ya kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, haina usukani wa pawa, haina kompyuta yoyote ya kukuokoa. Umeichagua hiyo siku ya kwanza kwenye usukani! Dereva wa kweli akipewa F40 asubuhi haendi kona ya kwanza ya Imola kwa mwendo uliokwenda nao wewe. Na gari ya kaka yako haijawahi kukuzungusha kwa sababu hujawahi kuifikisha hata nusu ya uwezo wa tairi zake, utaifikisha wapi, kwenye foleni ya Mandela? Siku ukikata kona kwa kasi baada ya mvua ya kwanza, ile inayokuta lami ina mafuta na vumbi la miezi mitatu, hapo ndo utaonja kidogo kile ulichokiona kwenye skrini, ila naomba usijaribu.

Sasa hilo la kwamba "wameongeza ugumu ili ionekane ya kweli" nalisikia sana, na limekaa kichwa chini miguu juu. Ukweli ni kwamba gemu ulizokulia nazo ndo zilikuwa zinakusaidia kimyakimya. Ukibana padi kushoto mpaka mwisho, gemu haipeleki tairi mpaka mwisho, inapima mwendo wako kwanza halafu inakupa kiasi ambacho tairi zinaweza kukibeba, we unaona umekata kona kumbe mmekata wawili. Kwenye usukani yule msaidizi anaondoka. Ukizungusha nusu, tairi zinakwenda nusu, na kama huo mwendo haukubali basi ni shauri yako.

Hizi ni koo mbili za gemu, ya burudani ya haraka na ya simuleta, yani inayoiga gari ya kweli, na zimeachana zamani sana. Pole Position ya Namco, mwaka 1982, ilikaa kwenye mashine za sarafu, na mashine ya sarafu inataka ufurahi haraka, ufe haraka, utie sarafu nyingine. Miaka miwili tu baadaye Muingereza mmoja anaitwa Geoff Crammond akatoa Revs, gari ya Formula 3 kwenye kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, yani picha moja ya WhatsApp leo inaimeza hiyo kompyuta nzima mara kadhaa, na bado jamaa alihesabu mshiko wa tairi humo ndani. Mwaka 1989 Papyrus ya Marekani wakatoa Indianapolis 500, fundi wao mkuu David Kaemmer, hilo jina lishike tutalirudia. Mwaka huohuo Atari wakaweka mitaani Hard Drivin', mashine ya sarafu kabisa lakini ina klachi, ina gia za mkono na usukani unaokurudishia nguvu. Kwa hiyo usidhani uhalisia umeletwa juzi na kadi za grafiksi. Kilichokua polepole miaka hii arobaini siyo picha kwanza, ni hesabu ya tairi.

Na hapo kwenye tairi ndo niombe unisikilize vizuri, maana ukielewa hapa umeelewa kila kitu.

Tairi ikikata kona haiendi kule inakoelekea. Inaelekea huku, inakwenda kule kidogo, mpira unajipinda katikati. Huo upotofu mdogo ndo unaozaa nguvu ya kukata kona, bila huo gari isingepinda. Upotofu ukiongezeka na mshiko unaongezeka, mpaka ufike kilele, kwa tairi nyingi za barabarani ni kati ya nyuzi 5 na 10 hivi, ukipita hapo mshiko unaanza kushuka. Hilo neno kushuka ndo lilokumaliza. Ukiwa chini ya kilele ukikosea kidogo tairi inakusamehe, ukikipita kila unachoongeza kinakupunguzia, ukiona gari haipindi unaongeza usukani, ukiongeza haipindi zaidi, na ikiwa ni tairi za nyuma ndo zimepita basi mkia unakuja mbele. Profesa mmoja wa Delft kule Uholanzi, Hans Pacejka, alitoa miaka ya 1980 fomula ya kuchora huo mlima wa kupanda na kushuka kutokana na vipimo vya tairi halisi, na simuleta nyingi zimejengwa juu yake au juu ya kazi zilizoifuata. Mpaka leo wanaotengeneza hizi gemu wanabishana kuhusu upande mmoja tu wa huo mlima, ule wa kushuka, kwamba unashuka kwa ghafla kiasi gani, maana kupima tairi ambayo tayari inaserereka na imepata moto ni kazi ngumu.

Ongeza kitu cha pili, uzito. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi. Tairi moja ina mshiko wa kiasi fulani tu na huo huo inaugawa kati ya breki na kona, ukiutumia wote kwenye breki wa kona haupo. Nina uhakika karibu asilimia mia ulichofanya ni hiki: ulichelewa breki kama ulivyozoea, ukaikanyaga yote, ukaanza kupinda mguu ukiwa bado kwenye breki, nyuma ikawa nyepesi, ikaondoka. Au uliiokoa hapo halafu ukakanyaga mafuta, turbo hazikuitika, ukaongeza, zikaitika zote. Hamna cha tatu.

Halafu hiyo kona yenyewe, Tamburello. Kwenye gemu ya Formula One Grand Prix ya huyohuyo Crammond, iliyofuata msimu wa 1991, pale ulikuwa unapita mguu chini kabisa bila kuachia. Baada ya dereva wa Formula One Ayrton Senna kufariki pale tarehe 1 Mei 1994 wenye uwanja wakaibadilisha ikawa kona ya kushoto kulia ya kukubania mwendo. Kwa hiyo sasa hivi kona ya kwanza ya Imola ni breki kali halafu pinda halafu badili upande, na F40 hizo kazi tatu kwa pamoja haizipendi.

Nirudi kwenye ugumu maana kuna kosa la pili lipo upande wa pili, la wale wanaosema gemu ikiwa ngumu ndo halisi. Hapana. Mwaka 1998 Kaemmer na Papyrus walitoa Grand Prix Legends, magari ya Formula One ya 1967, hayana mabawa hata moja, nguvu nyingi tairi nyembamba. Watu walinunua, wakazunguka kama wewe, wengi wakaiweka kabatini na haikuuza. Ni gemu kubwa katika historia yetu na waliobaki nayo waliendelea kuitengenezea viwanja miaka na miaka, lakini ilikuwa inamtaka mtu ahisi gari kwa macho tu, na mwanadamu hahisi gari kwa macho. Kwenye gari ya kweli kiuno chako kinajua mkia unaondoka kabla macho hayajajua. Kwenye kiti cha plastiki Sinza kiuno hakina taarifa yoyote. Ndo maana madereva wa kweli wakikaa kwenye simuleta mara ya kwanza na wao wanazunguka, na wanakasirika kuliko wewe.

Kinachojaribu kuziba hilo pengo ni usukani unaorudisha nguvu, na hapa ndo G29 inaingia. Tairi ya mbele ikikata kona inajaribu kujinyoosha yenyewe, hiyo nguvu inapanda mpaka mikononi. Uzuri wake ni kwamba inaanza kupungua kabla mshiko haujafika kilele, usukani unakuwa mwepesi ghafla, hiyo ndo kengele yako. Gemu inahesabu hiyo nguvu mara mamia kwa sekunde, Assetto Corsa mara 333, simuleta nyingine iRacing mara 360, halafu mota inaisukuma mkononi. G29 inatumia mota ndogo na gia za meno kwa hiyo utasikia kelele na utakosa vitu vidogovidogo. Juu yake kuna za mkanda, na juu zaidi zile ambazo usukani umefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, ambazo kabla ya miaka michache iliyopita zilikuwa za matajiri tu na sasa Fanatec na Moza wamezishusha bei, ingawa kwa mshahara wa hapa bado ni habari nyingine.

Ununue? Mi ningesema ndiyo kama unaipata kwa bei nzuri na umeijaribu, na hapana kama muuzaji hataki uichomeke. Ikipata umeme na ikiunganishwa lazima ijizungushe yenyewe kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, inajipima. Isipojizungusha achana nayo. Ina adapta yake, usikubali adapta ya kubahatisha. Fungua programu yake kwenye laptopu, kanyaga pedali polepole utazame mstari, ukirukaruka hasa wa breki ujue ndani kumechoka, hilo linasafishika lakini punguza bei. Angalia pia herufi: G29 inakubali PlayStation na kompyuta, G920 inakubali Xbox na kompyuta, zinafanana sana na kuna vijana wanauza bila kujua tofauti. Na ukikuta nyingine mpya kabisa bei ya kutupa imeandikwa ina "mtetemo" na inazunguka nusu duara tu, hiyo ni padi iliyovaa nguo za usukani, haikurudishii nguvu yoyote, ukinunua hiyo ndo utakuwa umetupa hela kweli.

Kabla ya hela yoyote lakini, hiyo GTX 1650 inaendesha Assetto Corsa ya kwanza bila shida na padi unayo. Cheza hivyo kwanza. Ile ya 2014 ya Kunos wa Italia ni rahisi kununua na modi zake, yani magari na viwanja vinavyoongezwa na wachezaji wenyewe, hazina mwisho. Mpya yao, Assetto Corsa EVO, imeanza kuuzwa Januari 2025 ikiwa bado inajengwa, inataka mashine nzito kuliko yako, subiri. Na PS4 yako inacheza Gran Turismo 7, ambayo kwa G29 ni mwanzo mzuri sana, wale wanaoidharau siwaelewi. Gran Turismo ya kwanza ya Kazunori Yamauchi, mwaka 1997, iliuza zaidi ya milioni 10 na ndo iliyowafundisha watoto wa dunia nzima, sisi wa vibandani tukiwemo, kwamba gari ya kuvuta mbele na ya kusukuma nyuma zina tabia tofauti.

iRacing utaisikia sana, huyo Kaemmer ndo alianzisha baada ya Papyrus kufa, pamoja na John Henry, ndiyo, yuleyule ambaye kampuni yake inamiliki Liverpool. Ikafunguliwa 2008. Walichofanya wao ni kwenda uwanjani na mashine za leza na kupima lami yenyewe, kila bonde na kila mshono, leo karibu wote wanafanya hivyo (wakija kupima barabara zetu za ndani za Tabata sidhani kama kuna usukani utapona). Shida yake ni kulipia kwa dola mwezi baada ya mwezi, magari na viwanja vingi unanunua kimoja kimoja juu yake, na kila kitu ni mtandaoni. Mtandaoni kwetu kuna hesabu haihongeki: seva nyingi ziko Ulaya na Marekani, taa ndani ya kebo inakwenda kama kilomita laki mbili kwa sekunde, njia ya kebo mpaka Ulaya tukikadiria ni kilomita elfu kumi, kwenda na kurudi tayari ni milisekunde 100 kabla hata ya ruta ya nyumbani haijaamka. Hiyo inachezeka, gemu inakisia wenzako wako wapi, ila ukibanana na mtu ubavu kwa ubavu yeye anakuona mahali ambapo haupo tena, kwa hiyo waachie nafasi zaidi. Na Mei 2024 kebo za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika si uliona tulivyokaa. Umeme nao, weka kinga ya kushuka na kupanda, mota ya usukani na umeme wa kukatikakatika haziivani, na kama soketi za hapo nyumbani zinakupiga shoti kidogo ukigusa chuma, ita fundi umeme aje aangalie ethi kabla ya kuchomeka chochote.

Ukianza, acha F40. Chukua Abarth 500 imo kwenye gemu, nenda Magione, kiwanja kidogo. Toa misaada isipokuwa ABS. Breki mapema kuliko unavyotaka, maliza breki kubwa gari ikiwa imenyooka, halafu ndo upinde huku unaachia polepole. Usitazame saa. Sogeza skrini karibu na rekebisha upana wa macho ya dereva mpaka vitu vionekane kwa ukubwa wake, wengi wanaacha macho mapana kama kamera ya CCTV halafu wanashangaa mbona wanachelewa breki. Ukisikia kichefuchefu simama hapohapo, usijilazimishe, kitapungua siku kwa siku. Vidole vikianza kufa ganzi au kifundo cha mkono kikauma mpaka kesho yake, hilo siyo la kuulizia mtandaoni, nenda hospitali.

Sasa ndoto. Mwaka 2008 Nissan na PlayStation walianzisha GT Academy, wakawa wanachukua wachezaji wa Gran Turismo wanawapeleka kwenye magari ya kweli. Lucas Ordóñez wa Hispania alikuwa wa kwanza, akaja kupanda jukwaa la daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 2011. Muingereza Jann Mardenborough alishinda 2011 na yeye akafika mbali. Kwa hiyo inawezekana, siyo hadithi. Ila soma na upande wa pili: walichujwa kutoka umati mkubwa mno, na waliochujwa hawakutoka kochini kwenda Le Mans, walifundishwa kwenye magari halisi wakapata leseni hatua kwa hatua, hela siyo zao. Hiyo programu ilishafungwa. Simuleta inakufundisha wapi pa kutazama, breki, mstari, subira. Haikufundishi woga, na woga ni kifaa cha kazi, nimeona vijana wazuri sana kwenye skrini wanaotaka kujaribu walichojifunza kwenye barabara ya Bagamoyo usiku. Ukitaka udereva wa kazi kuna chuo cha usafirishaji cha NIT Mabibo na kuna VETA, gemu haina cheti.

Na hapa kwetu mashindano maana yake ni rali, viwanja vya lami vya kuzunguka hatuna. Kwa hiyo ukishaiva kidogo kwenye lami hamia kwenye vumbi. Richard Burns Rally ya 2004 bado inachezwa mpaka leo kwa nguvu ya watu wa modi, inakwenda kwenye laptopu yako bila hata kuhema, na ni ngumu kwa haki. WRC 9 ya mwaka 2020 ilileta Kenya na EA Sports WRC ya 2023 nayo inayo Safari Rally, yale mashindano yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Utaona vumbi, mawe na matope ya huku kwetu kwenye skrini, utacheka.

Ila kitu ambacho wengi hawakifikirii ni kiti cha pili, cha navigeta. Gari ya rali inabeba watu wawili, na wa pili anasoma noti: kona, ukali wake, umbali, tahadhari. Gari ya rali huna leo wala kesho, lakini kusoma noti kwa wakati, siyo mapema akasahau siyo nyuma akaruka, hiyo unaweza kuifanyia mazoezi na huyo rafiki yako wa Sinza, yeye aendeshe we usome, mzime sauti ya navigeta wa kwenye gemu. Halafu nenda kwenye chama cha magari, AAT, ulizia ratiba ya rali za ndani na taratibu za leseni ya mashindano, fika siku ya tukio, ongea na wenye timu ana kwa ana. Waulize wanaandikaje noti zao, maana kila timu ina lugha yake, na uende na daftari.